Mkanda wa Rubani

Mtaa mzima ulimwita Rubani, na ndege hakuwahi kupanda hata siku moja. Jina alilipata kwa ile trekta yake ndogo ya kukatia nyasi, aliyoinunua mnadani baada ya kustaafu ukarani wa bohari. Alikaa juu yake mgongo wima, masikio kayaziba na vile vidude vikubwa vya kuzuia kelele, akauzunguka ua wake kama mtu aliyebeba abiria nyuma. Mkewe, fundi cherehani, alimcheka mpaka akashika mbavu. "Wenzako wakistaafu wananunua gari," alimwambia. "Wewe umenunua kiti chenye magurudumu."

Kisha mkewe akafariki. Ua ulibaki, mkubwa kupita kiasi kwa mtu mmoja, na binti yao wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, akawa anakuja kumkagua baba yake. Ndiyo, kumkagua, tusiyapake maneno sukari. Alifungua jokofu akanusa maziwa. Alipapasa vumbi juu ya kabati. Safari moja alisimama barazani akasema wazi, "Baba, nikija tena nikakuta nyasi zimefika magotini, nitajua umeshindwa. Utakuja kukaa na sisi."

"Kama zitafika," alijibu Rubani. Trekta alikuwa nayo, mafuta yalikuwemo. Hakuona angeshindwaje.

Haikupita wiki mkanda ukakatika. Ni ule mkanda wa mpira unaopitia kwenye puli chini ya trekta na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Rubani alivisokota vipande vyake, akavitia mfukoni, akaenda duka la vipuri.

"Mkanda wa suruali au wa mashine?" aliuliza muuza vipuri, mtu mnene asiyeishiwa utani.

"Wa mashine."

"Afadhali uujue mapema, mzee. Wa suruali una matundu, ukikonda unasogeza. Huu hausamehe."

Namba ya mkanda ilikuwa imefutika. Wakaunyoosha juu ya kaunta, wakaulinganisha na mingine iliyoning'inia ukutani, mpaka wakaupata uliolingana nao. Rubani alirudi nyumbani, akalala chali chini ya trekta, akauvisha. Alipowasha, injini ilinguruma mpaka kuku wa jirani wakakimbia, lakini trekta haikusogea. Debe tupu haliachi kuvuma. Alikaa juu yake muda mrefu akiisikiliza, kisha akazima.

"Kosa letu wote," alisema muuza vipuri siku iliyofuata. "Tumepima mkanda mzee, na mkanda mzee umevutika, ndiyo maana huu mpya umelegea. Usipime mkanda, pima njia yake. Chukua kamba, ipitishe kwenye puli zote, ivute ikaze, kisha uniletee kipimo. Ila peke yako huwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama yupo nyumbani?"

"Yupo," alisema Rubani.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na halikumuuma mpaka alipofika nje. Njiani alijaribu kulirudia kimoyomoyo. Lilikuwa tamu, na alilionea aibu.

Alijaribu peke yake. Akabana ncha ya kamba kwa kibanio cha nguo. Akivuta upande wa pili, kibanio kinaruka. Akaikandamiza kwa jiwe, jiwe likateleza. Akaifunga kwenye chuma. Kufika puli ya nyuma, kwenye ile ya mbele kamba ikachomoka. Zamani mkewe angechuchumaa hapo, futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaishika ncha kwa vidole vyake vya kushonea huku anamtania. Siku moja Rubani alikwenda mpaka geti la jirani, mkono juu tayari kubisha. Ndani watu walikuwa wanacheka na vijiko vinagonga sahani. Angeanzaje? Samahani, naomba mtu wa kunishikia kamba? Alishusha mkono akarudi, na mvua ikanyesha, na nyasi hazina huruma na mgane.

Binti alipofika alizikuta zimepita magoti. Na baba yake alimkuta chini ya trekta, miguu tu inaonekana.

"Baba?"

"Umekuja wakati mzuri. Njoo ushike hapa."

Alipiga magoti na gauni lake la safari, akaishika ncha. Rubani akaipitisha kamba puli moja baada ya nyingine, akavuta, ikakaza, ikatulia. Wakafunga fundo. Haikuwa kazi hata ya kumaliza kikombe cha chai. Wote wawili waliliona hilo.

Wakaenda dukani pamoja. Muuza vipuri aliinyoosha kamba kwenye kaunta, akatabasamu.

"Hiki sasa ndicho kipimo. Umeona faida ya kumshirikisha mama? Msalimie sana, mwambie ameshika vizuri."

Rubani alitazama mikanda ukutani. Binti alimtazama baba yake, kisha akamgeukia muuzaji.

"Salamu zitafika," akasema.

Mkanda ule ulikaa kama umezaliwa pale. Rubani alivaa vidude vyake vya masikioni, akapanda, na trekta ikaondoka. Alikata ua wote, polepole kwa sababu nyasi zilikuwa ndefu, akirudia mahali pagumu, huku binti ameketi barazani na kamba mapajani. Alipozima injini, nyasi zilikuwa fupi na ua nadhifu kuliko siku zote.

"Haya, baba, umeshinda," alisema binti. "Nilisema nyasi, na nyasi umekata. Sitakulazimisha."

Rubani hakushuka. Alivua vidude vya masikioni akavishika mkononi.

"Nyasi naziweza, mwanangu," alisema. "Hiyo kamba ndiyo iliyonishinda."

Binti aliitazama ile kamba, akaanza kuikunja.

"Huko kwenu kuna nyasi?" aliuliza Rubani.

"Kidogo tu, baba. Mbele ya mlango."

"Basi trekta ibaki," akasema, akashuka kwenda kutafuta begi.