Msemaji wa Binti Yangu

Tangu nistaafu, kazi yangu kubwa ni kutumwa. Asubuhi mke wangu anapojitwika beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenda sokoni, ananiachia maagizo: makaa yamekwisha, viatu vyake viko kwa fundi, kuna mfuko unakuja na basi kutoka Bujumbura niende nikaupokee. Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika ofisi ya serikali ya komine hapa Rumonge, na wakati huo mimi ndiye niliyekuwa natuma. Sasa natumwa, na sinung'uniki, kwa sababu siku nisiyotumwa nakaa nyumbani nikimsikiliza jirani.

Jirani yangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Nyumba yake iko nyuma ya yetu, na kinachotutenganisha ni ua wa matete tu. Hakusoma. Ana michikichi yake mlimani, anakata, anachemsha, anakamua mawese, anashuka nayo mjini. Mkewe alifariki zamani kabla hawajajaliwa mtoto, naye hakuoa tena. Nalitaja hilo mapema ili ieleweke ninamwonea wivu mtu wa namna gani. Hana mtoto hata mmoja, na watoto wangu wote ni wake.

Binti yangu wa mwisho anauza katika duka la dawa huko Bujumbura. Jumamosi, kazi za jumuiya zikiisha na magari yakiruhusiwa kutembea, anakuja kutusalimia, ikiwa basi limepata esansi, maana petroli siku hizi ni ya kutafuta. Anaingia, ananiamkia kwa heshima zote, ananikabidhi mkate na majani ya chai, anauliza habari ya presha yangu. Nami nauliza habari ya kazi.

"Kazi iko nzuri, Baba."

Baada ya hapo hatuna tena la kusema. Anaangalia mlango, nami naangalia mlango. Halafu nyuma ya ua shemeji anakohoa. Kikohozi chenyewe si cha ugonjwa, nakifahamu. Mtoto anainuka: "Nakwenda kumwamkia mjomba mara moja." Hiyo mara moja hufika mpaka adhana ya alasiri, nami niko upande wangu nasikia wanavyocheka.

Nilijaribu mbinu. Jumamosi moja nilikwenda mwenyewe mwaloni, wavuvi wanaposhusha, nikachagua samaki mukeke mnono, nikamwomba mke wangu auchome kwa ndimu na pilipili kama binti anavyopenda. Alifurahi sana. Alishukuru, akaufunika kwa sahani, akaupitisha nyuma ya ua ili wakale pamoja na mjomba wake. Ule mwiba wa samaki shemeji aliutupia paka wake. Nilimwona paka akiutafuna juu ya paa lake, nikamchukia hata paka.

Sisemi kwamba sikujitakia. Watoto walipokuwa wadogo, nilikuwa nikirudi kutoka ofisini wananyamaza, nikadhani ndiyo heshima. Ziwa niliwakataza kabisa. Huyu mjomba aliwapeleka kwa siri mmoja mmoja, akawafundisha kuogelea, nami nilikuja kujua wakati mkubwa wao ameshaota ndevu. Yaani kulikuwa na siri ya nyumba nzima, na aliyekuwa nje yake ni mimi mwenye nyumba.

Basi, binti akapata mchumba, kijana wa watu wa Kabezi. Sisi Waislamu wa huku tumechanganya mambo: nikaha ni ya msikitini, lakini posa tunaifanya kama Warundi wote. Wageni wakija kuposa, baba wa msichana hasemi neno. Anakaa kimya na kofia yake kama mgeni, na msemaji wa familia ndiye anayezungumza badala yake. Wageni nao hawasemi walichofuata. Wanasifu njia, wanasifu mvua, wanauliza habari ya ng'ombe, ingawa pande zote mbili labda hazina hata mbuzi. Msemaji wetu anajifanya haelewi. Anawaambia nyumba hii hatujawahi kuwa na binti, labda wamepotea njia. Anawakatalia, anawapiga chenga, wanatoka jasho, watu wanacheka, na mwisho kabisa ndipo anakumbuka kwamba kweli kuna mtoto mmoja wa kike jikoni. Kadiri wanavyokataliwa ndivyo binti anavyopanda thamani. Mtaa mzima unajua kwamba kwa kazi hiyo hakuna anayemfikia shemeji wangu.

Binti alinipigia simu: "Baba, nimemuomba mjomba anisemee."

Nilijibu vizuri. Na kweli, kama angeniuliza mimi nimchague nani, ningemtaja huyohuyo. Lakini hakuuliza. Jambo hilo lilinikaa kifuani kama tonge la ugali mkavu.

Wageni walikuwa waje Jumapili alasiri. Alhamisi yake binti akapiga tena. Esansi hakuna, wale wa Kabezi wamepata gari la kuazima, na mwenye gari analitaka lirudi kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo watafika asubuhi, saa tatu au nne. Mama yake alikuwa sokoni, kwa hiyo mimi niende nikamwambie mjomba, ambaye simu yake ilizama ziwani na hana haraka ya kununua nyingine.

Nilikwenda. Nilimkuta anasuka kikapu cha kubebea ngazi, yale mashada ya matunda ya michikichi. Tuliamkiana, tukaongea bei ya mawese, akanipa muhindi wa kuchoma, nikaula, nikarudi nyumbani. Sikusahau. Nilijiambia nitamwambia kesho. Ijumaa nilijiambia hivyohivyo, na binti aliponiuliza kwenye simu kama mjomba ameshaambiwa, nikajibu ndiyo, na mama yake nikamwambia hivyohivyo. Jumamosi jioni, binti akiwa bado njiani, shemeji akaniita juu ya ua. Aliniambia kesho anapanda mlimani alfajiri kwa sababu ngazi zimeiva na zitaanguka, lakini nisihofu, adhuhuri atakuwa ameshaoga na amevaa kanzu.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikamwambia, "Haya, shemeji. Mungu akujalie."

Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka wafike wamkose, na binti anitazame mimi.

Wakafika na wakamkosa. Kina mama walikuwa nyuma ya pazia, jikoni wali ulikuwa unaiva, Fanta zimepangwa. Mke wangu alitoka mara mbili kunong'ona, "Mdogo wangu yuko wapi?" nami nikasema anakuja. Msemaji wa Kabezi alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo, na ilionekana amejiandaa kwa wiki nyingi. Aliisifu njia, kwamba hata pale Gitaza ziwa lilipoila barabara wamepita salama. Akaisifu mvua. Akaingia kwenye ng'ombe wake, na jike mmoja aliyepotea, ambaye nyayo zake zilionekana zikielekea nyumba hii. Akanyamaza akingoja ajibiwe. Mwenye gari alikuwa ameshachungulia mlangoni akionyesha saa yake.

"Tunaongea na nani hapa?" mzee akauliza kwa upole.

"Na mimi," nikasema.

Kukawa na mguno. Mzee aliniangalia kofia, akawaangalia wenzake. Nami nilisimama, na maneno yote niliyoyasikia katika posa za watu maisha yangu yote yakanikimbia. Nilichobaki nacho ni ukarani. Nikasema, "Mmekuja kwa ajili ya binti yetu. Tumewaelewa. Tumekubali."

Nikakaa.

Nilimtoa mtoto kama mtu anayegonga muhuri kwenye karatasi ya mwisho ili akafunge ofisi. Mzee wa Kabezi alibaki amefungua mdomo, ng'ombe wake wamekwama njiani. Shangazi mmoja wa upande wao akaziba uso kwa mtandio, mabega yakamtetemeka, na wengine wakaambukizwa. Binti ambaye wageni wake hawakukataliwa hata mara moja ni kama ndagala wa jioni, mwenye beseni anamsukumia yeyote apitaye. Nilijua watakachosema wakifika kwao.

Walikula haraka. Walipokuwa wanapanda gari ndipo shemeji akatokea, miguu imetapakaa tope na mafuta, panga mkononi. Aliliona gari, akaniona mimi na kofia yangu. Binti alikuwa amesimama kibarazani amevaa nguo zake nzuri. Hakupaza sauti.

"Mjomba. Hata leo umepanda mlimani?"

Shemeji alinitazama. Nilitazama chini. Angeweza kusema neno moja tu, jambo likaisha.

"Nimesahau, mutoto wangu," alisema. "Uzee."

Akaenda kwake kunawa.

Sasa nitasema jambo baya kuliko lile la kwanza. Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri. Binti alikuja Jumamosi, akaniamkia, shemeji akakohoa nyuma ya ua, naye hakuinuka. Alikaa na mimi. Mwanzoni tulibaki kutazama mlango kama kawaida, halafu akaanza kunihadithia habari za dukani. Kuna mama mmoja kila wiki ananunua dawa ya minyoo ya mbwa na hana mbwa. Nikacheka. Akashangaa kuniona nacheka, akaongeza nyingine. Jumamosi iliyofuata alikuja na mkasi, akanikata kucha za miguu, kwa sababu aligundua siwezi tena kuinama. Alikaa chini pale, mguu wangu juu ya goti lake, akiongea, na nyuma ya ua palikuwa kimya kabisa. Hata kikohozi kiliisha. Nilimwomba Mungu Jumamosi ile isiishe, huku nikijua vizuri ninachokula ni cha nani.

Shemeji hakuniuliza kitu. Tulikutana kwenye bomba la maji, akanisalimu amahoro, nikaitikia amahoro. Laiti angenitukana.

Siku ya mahari ikakaribia. Siku hiyo wale wa Kabezi wanarudi na watu wao wote, na msemaji anapata nafasi ya pili ya kuwatoa jasho na kulifuta lile cheko. Binti alikuwa anakata kucha za mguu wa kushoto aliponiambia amepata mtu Bujumbura, msemaji wa kulipwa, anasema kwa harusi za watu wakubwa. Mjomba atakaa nyuma na wageni wengine. "Mutu mwenye kusahau siku yangu hawezi kunisemea, Baba."

Nilimuona yule wa kulipwa kichwani mwangu, suti na kipaza sauti, akisema utani uleule aliousema Jumapili iliyopita kwa binti wa mtu mwingine. Ningenyamaza, binti angebaki wangu mpaka siku ya kuolewa, na Kabezi wangeendelea kucheka.

"Hakusahau," nikasema. "Sikumwambia."

Alidhani amesikia vibaya. Nikarudia: sikumwambia Alhamisi, sikumwambia Ijumaa, na Jumamosi alipanda mlimani mimi nikijua. Akauliza kwa nini. Nilimwambia ukweli, kwamba anapokuja hapa hukaa kwa mjomba, na mimi nikawa naona wivu.

Aliweka mkasi sakafuni, akaushusha mguu wangu taratibu kama kitu cha kuvunjika, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Vidole viwili vilikuwa bado. Nilibaki nimekaa nikivitazama.

Baadaye nikasikia analia, na shemeji anasema maneno ya chini nisiyoyashika. Halafu, kabla ya adhana, nikasikia kicheko, kwanza chake yeye shemeji, kile cha puani, kisha cha binti. Kiliniuma kama siku zote. Nilidhani nikishasema ukweli kingeacha kuniuma. Hakikuacha.

"Shemeji," yule mtu akaita juu ya ua. "Njoo."

Nilikwenda na kandambili moja mguuni, nyingine sikuiona. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye, macho mekundu, hakuniangalia. Shemeji alinionyesha jiwe lililokuwa mbele yao.

"Kaa hapo. Tunafanya mazoezi. Hatuna mugeni."

"Mgeni gani?"

"Wewe ni Kabezi. Umekuja kuposa. Ongea."

Nikakaa. Nikaisifu njia. Nikaisifu mvua, kwa unyonge, nikasema nina ng'ombe jike aliyepotea na nyayo zake zimefika hapa. Shemeji alinipima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu usio na kiatu.

"Ng'ombe wako tumemuona amepita kwenda Kabonga," alisema. "Huku hatuna kitu. Rudi kwenu, muzee."

Binti aliziba mdomo.

"Lakini nimeambiwa nyumba hii iko na binti," nikasema.

"Nani kakwambia? Binti gani? Shuleni kwenu walikufundisha kuingia nyumba za watu na kiatu kimoja?"

Hapo binti akacheka waziwazi, akiegemea bega la mjomba wake, naye mjomba akakaa wima kama jaji akinisubiri niseme tena. Nikaanza upya kwenye njia na mvua, nikamuomba binti yangu mara ya pili. Shemeji akanikatalia.