Nimetoka Kidogo, Nakuja

Katika safu ile ya karakana, jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana na ndugu zake tu. Wateja walimwita Mama Zipu, na jina hilo lilimkaa sawasawa kama kichwa cha zipu juu ya meno yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyokomaa kwa nta na sindano, fundi wa kushona mabegi na masanduku ya safari. Tena alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni hata anapozungumza, kiasi kwamba maneno mengi yalimtoka yakiwa yamepungukiwa na irabu.

Mumewe naye alikuwa na jina la mtaani. Aliitwa Nakuja, kwa kuwa hakuwahi kumuaga mtu kwa neno jingine. Lugha yetu ina maajabu yake: anayetoka husema anakuja, na wanaobaki humwelewa bila taabu. Lakini yeye alilifanya neno hilo kuwa sheria. Akienda kununua gundi, alisema, “Nakuja.” Akienda mazikoni kutwa nzima, alisema, “Nakuja.” Neno “naondoka” alilichukia waziwazi. “Wanaoondoka ni wawili tu,” alizoea kusema, “maiti na mpangaji aliyefukuzwa. Mimi si yule wala huyu.”

Mkewe, bila kuinua macho kwenye cherehani, alimjibu daima, “Usikawie.” Kwa sababu ya pini, neno lilitoka “uskawie,” na mume alikwenda akiliiga hadi nje ya pazia la mlango, akicheka peke yake.

Siku ya mwisho, Nakuja alikuwa akishona pindo la sanduku kubwa la rangi ya hudhurungi, na uzi ukamwishia palipobaki kiasi cha shubiri moja. Mkewe alimkemea. Alimwambia kwamba fundi wa kweli hupima uzi kabla ya kuanza, na kwamba miaka yote hiyo ya kazi imepita juu ya kichwa chake kama maji juu ya mgongo wa bata. Mume alicheka, akasema, “Nakuja.” Mama Zipu, kwa hasira ile ndogo ya watu waliozoeana, hakujibu. Aliinamisha kichwa, akakanyaga pedali, na cherehani ikanguruma kwa niaba yake. Nakuja alianguka mbele ya muuza nyuzi, kabla hajataja rangi aliyoitaka. Hakuamka tena.

Tangu hapo pazia lile halikumpa mjane raha. Kila lilipopeperuka, ulimi wake ulianza, “Us…” kisha akalimeza neno lililobaki. Sanduku la hudhurungi lilibaki kwenye rafu ya juu, sindano ya marehemu ikiwa bado imechomekwa kwenye pindo. Alilifuta vumbi, lakini sindano hakuigusa. Mwenye sanduku hakumjua, kwa maana lilipokewa na mumewe, na hakuna aliyekuja kulidai. Nyakati nyingine, jua linapopiga dirishani, alijiona ana deni la neno moja, na mdai wake yuko nyuma ya pazia, kimya, hana haraka.

Ndipo mwenye nyumba alipowatangazia wapangaji kwamba safu nzima ingebomolewa mwisho wa mwezi. Mama Zipu alipata chumba kingine nyuma ya kiwanda cha mikate, ndani ya ua usioonekana na mpita njia. Chumba kilikuwa kizuri, ila hatari ilikuwa dhahiri: wateja wake wengi walitoka mbali, kila mmoja kwa wakati wake, na wangekuta kifusi. Kibao chenye jina lake juu ya mlango kingebebwa pamoja na matofali. Asipojulikana alikohamia, kazi ya maisha yake ingekufa, na hiyo kazi ndiyo iliyomweka hai.

Shauri la tovuti lilitolewa na binti wa mdogo wake, msichana aliyefanya kazi kwenye duka la kupiga chapa na ambaye, kwa sababu hiyo, jamaa zake walimwita Chapa. Alikuja mchana mmoja na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza ya kukatia ngozi.

“Ni bure kabisa, mama mkubwa,” alisema. “Tunaandika jina, tunatia picha, tunaeleza ulikohamia. Mtu akikutafuta kwenye simu, anakuona.”

“Cha bure hakikosi mkia,” alijibu Mama Zipu. “Haya, tuone.”

Chapa aliandika jina la karakana kama lilivyoandikwa juu ya mlango. Kompyuta ikakataa: jina hilo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Msichana alishangaa, akaufungua ukurasa uliolichukua, kisha akamgeuzia Mama Zipu kioo.

Ilikuwa picha ya chumba kile kile walichokaa. Mama Zipu alijiona kwa nyuma, ameinama kwenye cherehani, kitambaa cha kichwani kimelegea upande mmoja. Hakukumbuka kupigwa picha hiyo. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, kilinyooka kivuli cha mtu aliyeinua mkono. Chini yake paliandikwa: Karibuni. Mabegi, masanduku, zipu za kila aina. Sisi ni wawili.

“Baba mkubwa aliianza tovuti hii mwenyewe,” alisema Chapa polepole.

Palikuwa na mahali pa kuandika ujumbe. Chapa alijaribu, akaandika salamu. Kabla hajaondoa kidole, jibu lilikuwa limefika: “Nimetoka kidogo, nakuja.”

Mama Zipu alisimama, akaenda mlangoni, akalishika pazia kwa mikono miwili mpaka likatulia. Chapa alimweleza kwamba hapakuwa na ajabu: marehemu aliiamuru tovuti imjibu hivyo kila anayeandika, nayo ingeendelea hadi atakapotokea mtu wa kuizuia. Kufungua ukurasa mwingine kusingefaa, kwa kuwa mwenye kutafuta angekuta miwili, mmoja ukimpeleka kwenye kifusi. Ilibidi waingie kwenye tovuti ile ile. Neno la siri hawakulijua, lakini kulikuwa na njia ya pili: swali ambalo mwenye tovuti alilitunga mwenyewe. Chapa alilisoma kwa sauti.

“‘Ananiambia nini nikitoka?’”

Mama Zipu alichukua pini mezani, akazibana midomoni, moja baada ya nyingine.

“Sijui,” alisema.

Msichana alijaribu kwaheri, akajaribu safari njema, akajaribu nenda salama. Tovuti iligoma, ikawataka wangoje hadi kesho. Kesho yake Chapa alipouliza, mama yake mkubwa alisema bado hakumbuki. Na siku iliyofuata pia. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuandika kwa siri. Aliketi kwenye kigoda kati ya mabegi yaliyofungwa tayari kuhama, simu mkononi, akauliza, “Uko wapi?” Nimetoka kidogo, nakuja. “Umekasirika?” Nimetoka kidogo, nakuja. Aliujua uongo wa mashine ile vema kama alivyozijua zipu. Hata hivyo, jibu lilipoingia, moyo ulimruka, na macho yakaenda kwenye pazia.

Wifi yake, dada wa marehemu, alisikia habari akaja. Huyu alikuwa mwanamke mpana, mwenye maneno, ambaye hakuweza kuketi bila kumchokoza mwenyeji. Aliungama kwamba jioni zile ambazo Mama Zipu alidhani mumewe anacheza bao, kumbe alikuwa nyumbani kwa dada yake huyu, akitumia kompyuta ya wapwa zake. Marehemu aliwaapisha wote wanyamaze, ili siku ya kuimaliza amshtue mkewe.

“Nasikia unataka kumfuta,” alisema wifi.

“Nataka watu wajue nilikohamia.”

“Wewe ulimzika mara moja, yatosha. Humo ndani hajafa, wifi. Anaongea. Mwache.”

“Anaongea neno moja.”

“Alipokuwa hai alikuwa na mangapi?”

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikawafia midomoni, maana pazia lilikuwa limepeperuka na wote wawili walikuwa wamegeuka.

Siku zilizidi kupungua. Majirani walikwisha kung’oa milango yao, na upepo ulipita katika vyumba vitupu ukipiga mluzi. Ndipo alipoingia mwanamke mrefu, mkunga kutoka mji wa mbali, akasema amefuata sanduku la mama yake, la rangi ya hudhurungi. Alilileta kwa fundi mwanamume, kisha mama yake akalazwa kitandani, naye mwenyewe akakosa nafasi ya kurudi.

“Namba yake niliipoteza,” alisema, “lakini nilimwona kwenye mtandao, nikawa namwandikia. Kila mara ananijibu amekwenda mahali, anakuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikaona nije mimi.”

“Mara ya mwisho alikujibu lini?”

“Juzi.”

Mama Zipu alitoa pini zote midomoni, akaziweka kwenye kiganja.

“Na mama hajambo?”

“Amefariki mwezi uliopita. Alilitaka sanduku lake alione. Nikimsomea lile jibu, ananiambia, ‘Basi, mtu kasema anakuja, mpe nafasi.’ Mpaka siku ya mwisho alikuwa akimpa nafasi.”

Hapo Mama Zipu alihisi baridi ambayo haikutoka mlangoni. Kumbe hakuwa akingoja peke yake. Mahali asipopajua, mgonjwa alikuwa amelala ubavu, akisubiri hatua za mtu yule yule, kwa ahadi ile ile. Na yeye aliyejua namna ya kuinyamazisha ahadi hiyo alikuwa amekaa juu ya kigoda, akisema hajui.

“Mama,” alimwambia mkunga, “huyo aliyekujibu alikuwa mume wangu. Alikufa kabla hujaandika neno lako la kwanza. Ni mashine iliyokujibu. Nisamehe.”

Mkunga alilitazama sanduku rafuni. Kisha alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuona watu wakiingia na kutoka duniani, “Basi mama hakungoja bure. Amechoka, akamfuata mwenyewe.”

Mama Zipu alilishusha sanduku. Sindano ilikuwa imeshika kutu, ikang’ang’ania kitambaa kama mtu asiyetaka kuamshwa. Aliichomoa. Uzi wa hudhurungi hakuwa nao, kwa hiyo alipaka nta uzi mweusi, akamalizia shubiri ile iliyobaki. Mshono ulionyesha wazi mahali mmoja alipoishia na mwingine alipoanzia. Mkunga alipitisha kidole hapo, akasema pabaki hivyo hivyo.

Mgeni alipokwisha kwenda, Mama Zipu alimpigia simu Chapa. “Njoo na mashine yako. Jibu ninalo.”

Msichana alifika akitweta. “Ulilijua tangu mwanzo, mama mkubwa?”

“Tangu kabla hujazaliwa. Andika: usikawie.”

Chapa aliandika. Tovuti ikakataa. Akaandika kwa herufi kubwa, ikakataa tena. Alimtazama mama yake mkubwa kwa hofu, kwa kuwa wakikosea mara moja zaidi wangefungiwa tena, na asubuhi wabomoaji walikuwa wanaingia. Mama Zipu alifikiri. Kisha alizichukua pini, akazibana midomoni kama ilivyokuwa siku zote, akageuka akalikabili pazia.

“Uskawie,” alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka zima tangu siku ile ya uzi. Pazia lilitulia. Chapa, bila kuuliza, aliandika kama alivyosikia, na mlango wa tovuti ukafunguka. Nakuja hakuandika neno la mke wake kama linavyoandikwa. Aliliandika kama lilivyomfikia.

Ndani zilikuwamo jumbe za wateja, na za Mama Zipu mwenyewe, na nyingine zisizo na jina. Moja ilisema: “Kaka, mvua imenyesha kwetu. Uko?” Mama Zipu aliitambua sauti. Alimwambia Chapa azipite hizo asizisome. Picha aliagiza ibaki, pamoja na kivuli.

“Na jibu tuliandikeje? Nimehama?”

“Tumehama.”

“Lakini sasa uko peke yako, mama mkubwa.”

“Andika tumehama. Tuko nyuma ya kiwanda cha mikate, ndani ya ua. Halafu andika: njoo.”

Asubuhi alitoa mzigo wa mwisho. Pazia alilikunja, akalitia begini. Alisimama katika chumba kitupu, akakumbuka nani na nani huondoka, naye sasa alikuwa mmoja wao. “Naondoka,” alikiambia chumba. Alisubiri kidogo, kama asubiriye mtu amkanye, kisha akatoka.

Katika chumba kipya, kilichonuka mkate, alilitundika pazia lile lile. Hakujua kwa nini; labda mlango usiopeperuka ungemtisha zaidi. Mchana lilisogea, na moyo wake ukaruka kama kawaida. Alikuwa wifi, simu mkononi, uso umempauka.

“Nimemwandikia kaka,” alisema bila utani wowote. “Kaniambia njoo. Maiti haandikishwi neno kama hilo, wifi. Umetaka kuniua.”

“Si yeye,” alisema Mama Zipu. “Ni mimi ninayekuita.”

Wifi aliitazama simu tena, akamtazama aliyeketi kwenye cherehani, akajibwaga kwenye kiti cha wateja. Walikaa muda mrefu, mmoja akishona, mwingine akilaumu ugumu wa kiti. Mwisho wifi alisimama, akasema njaa inamuuma na harufu ile ya mkate ni mateso, atavuka akanunue wale wote wawili. Alilisukuma pazia.

“Nakuja, wifi.”

Cherehani ilikuwa katikati ya mshono. Mama Zipu aliinua mguu kwenye pedali, akatoa pini midomoni, akajibu.