Tarehe Moja Tu ya Mtihani wa Gari

Kuna uchovu wa jembe, na kuna uchovu wa kuambiwa na simu "jaribu tena baadaye". Nimeujua wote. Nipeni jembe tafadhali.

Baba yangu ana pikapu huko Kibirichia, ya kupeleka viazi sokoni. Mwaka huu macho yake yalianza kuingia ukungu, na daktari akamwambia wazi aache kuendesha. Baba akaitikia kwa adabu, akatoka nje, akawasha gari. Mimi nikakaa kando yake njia nzima nikimsomea barabara: "Baba, kuna mama kushoto. Baba, tuta hilo." Leseni alikuwa nayo yeye, macho nilikuwa nayo mimi. Tulifika, nikashuka, nikamsihi aache kabla hajaua mtu au kujiua.

"Mami," akasema (huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mamake), "viazi havijipeleki sokoni. Siku utakayopita mtihani, ufunguo ni wako."

Basi mimi, karani wa watu hapa Embu, nikajiandikisha shule ya udereva. Kila jioni baada ya kazi nilizunguka mjini na ile herufi L ya wanaojifunza mgongoni mwa gari, bodaboda wakinicheka. Nilijifunza kuondoka kwenye kilima bila kurudi nyuma. Nilisukuma vigari vya kuchezea juu ya ubao uliochorwa barabara ili nijue sheria, mtu mzima na akili zangu. Mwishowe mwalimu akasema, "Uko sawa, madam. Ingia kwa mtandao ujichagulie tarehe." Alisema hivyo kama anayenituma kununua chumvi.

Na kwa kweli kwenye maelezo ni rahisi. Unaingia kwenye tovuti ya serikali, unachagua aina ya gari, kituo na tarehe, unalipa kwa simu, unaprinti karatasi ya kwenda nayo. Lakini kabla ya kuingia, lazima uandike namba ya siri unayotumiwa kwa simu, na yangu haikuja. Nilikaa kwangu, mtaa wa Dallas hapa Embu, nimeshika simu mpaka chai ikapoa, nikaomba nyingine, na nyingine. Ndipo nikakumbuka. Akaunti ile nilifunguliwa na mama wa saiba, lile duka la intaneti, zamani nikitafuta kazi, na kwa haraka zake alijaza namba yake mwenyewe. Wateja wengi alitufanyia hivyo, na sisi tulimshukuru! Kubadilisha je? Lazima kwanza uandike namba ya siri inayotumwa kwa simu ileile ya zamani. Aki serikali.

Saiba ilishafungwa, na mama huyo sasa anauza sweta za mitumba sokoni. Niliulizia mpaka nikampata kwa simu. Mara ana mteja, mara simu iko chaji dukani kwa jirani. Akinisomea ile namba, muda wake umepita, naanza upya. Siku niliyofanikiwa kuingia, tarehe za Embu zilikuwa zimejaa, na kabla sijatazama kituo kingine tovuti ikanitoa nje.

Jumamosi hiyo mama akanipigia kutoka nyumbani. Baba amegonga nguzo ya geti na kuvunja kioo cha pembeni. Nikasikia baba nyuma yake akisema eti geti lilifunguliwa vibaya. Sikucheka. Watoto wa jirani huchezea hapo getini.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa juu ya beli ya mitumba kando ya yule mama. Yeye na simu yake, mimi na yangu. Alisoma, nikaandika, mlango ukafunguka. Embu bado hakuna, ila Meru ilikuwa imebaki tarehe moja. "Chukua hiyo, usiangalie nyuma!" akanihimiza. Nililipa, karatasi ikatokea kwenye kioo cha simu, nami nikalia pale katikati ya sweta za watu. "Pole, mrembo," akasema, "ni mimi nilikuharibia." Nilikuwa nimechoka mno, hata kumkasirikia sikuweza.

Wikendi nikapanda Kibirichia na karatasi yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote kuhusu geti na watoto wa watu. Nikamkuta baba anafuta pikapu kwa kitambaa, polepole, akipapasa bati kwa mkono wa pili ili ajue ni wapi bado pana tope.

"Baba, nimepata tarehe," nikamwambia.

Akauliza ni lini. Nikamtajia. Mkono wake ukasimama juu ya boneti. Hasira yote niliyopanda nayo ikaniishia, nikabaki na huruma tu.

"Mami," akasema, "hawana tarehe nyingine ya mbali kidogo?"