Boneti ya Damu ya Mzee

Shangazi wa upande wa bwana harusi alinyoosha kidole chenye hina, akakipitisha juu ya boneti ya gari langu, kisha akasema mbele ya watu, "Hili gari lina ndui."

Tulikuwa Korogwe, uani kwao, mimi na wazee wetu wachache tulioshuka kutoka Lushoto kupanga harusi ya binti wa kaka yangu. Kaka yangu na mkewe walishatangulia mbele ya haki, na msichana nimemlea mimi tangu anaota meno. Shangazi ndiye mimi na mama ndiye mimi. Wa kumtoa nyumbani na kumfikisha kwa mumewe ni mimi pia, kwa gari langu, nikiendesha kwa mikono yangu. Hilo nilikwisha kuliamua kabla hata mchumba hajajulikana.

Shangazi mwenzangu huyo alikuwa na mpango wake. Kwao kulikuwa na gari jeupe, refu, la mtu wa ukoo, nalo lingepanda mlimani kumchukua bibi harusi. "Mkwe wetu haingii mtaani kwetu ndani ya gari lenye ndui," akasema, akajipangusa kile kidole kwenye kanga.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Gari langu ni la rangi ya damu ya mzee, rangi inayompendeza kila anayeiona ikiwa safi, lakini boneti ilikuwa imejaa vidoa vyenye ukungu, kama ngozi ya mtu aliyepona vibaya. Sisi wa milimani hatujazoea adha hiyo. Kwetu kuna baridi, kuna ukungu, na mdudu wa kugonga gari ni wa kubahatisha. Ukishuka Mombo ukaingia nyika ndipo unapokutana nao, panzi, nondo, na wakati wa vuli kumbikumbi wanaojitupa kwenye kioo kama wametumwa. Wanapasukia kwenye boneti, jua linawakausha, nawe unarudi nyumbani unasema utaosha kesho. Kesho unaosha kweli, mdudu anatoka, na alama yake inabaki, maana ule ute wake umeshakula rangi.

"Sikiliza, shangazi mwenzangu," nikamwambia. "Siku ya kuja kutandika chumba nitakuja na gari hili hili. Uliangalie mwenyewe likiwa limetoka nyikani."

"Likifika halina doa, mwali utamleta mwenyewe," akajibu. "Likiwa na doa hata moja, jeupe letu linapanda."

Wazee wakacheka, wakadhani tunataniana. Sisi wawili hatukucheka. Tulipeana mikono tukiwa tumekaziana macho.

Niliporudi Lushoto nilimpelekea gari fundi rangi. Akalisugua kwa polishi ya kukwangua hadi vidoa vikaisha, akanirudishia na maneno machache: "Sasa lipake nta, mama, wadudu wasipate pa kushika."

Nta! Hapo ndipo nilipoharibu. Sisi tuliokulia pembezoni mwa msitu, ukitutajia nta tunaijua moja tu. Nilipanda moja kwa moja hadi Magamba kwa shemeji yangu anayefuga nyuki, akanipa bonge la manjano lililofungwa kwenye jani la mgomba, linanukia asali mtaa mzima. Nikaliyeyusha jikoni, nikalilainisha kwa mafuta ya alizeti, nikalipaka gari lote kwa moyo mmoja. Liling'aa, sitadanganya. Mume wangu alisimama mlangoni akasema, "Mke wangu kaolewa na gari." Nikamwambia gari halilalamiki chumvi ikizidi.

Kesho yake nikateremka nalo Soni kununua uzi, nikaliegesha mahali pa watu kuliona, karibu na wauza mboga. Sijamaliza kuchagua rangi ya uzi nikasikia kelele. Nikatoka. Nyuki walikuwa wametanda kwenye boneti na wengine wanaendelea kuja, na wauza nyanya wameacha mafungu yao wamejifunika kanga vichwani.

"Mama, njoo uondoe mzinga wako!" akanipigia kelele muuza kabichi mmoja, amejificha nyuma ya magunia.

Nilitaka kuzuia wadudu, nikawapakia nta ya nyumbani kwao. Ilibidi nisubiri hadi jua lilipopoa na nyuki wakatawanyika, nikarudi nyumbani vioo vyote vimefungwa, nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni hadi mikono ikafa ganzi. Mume wangu alinisaidia kusugua, lakini alinitoza kwa kucheka. "Wenzako wanapeleka kadi za mwaliko kwa watu," akasema, "wewe umewapelekea nyuki."

Basi nikafunga safari hadi Tanga, kwenye duka la vitu vya magari. Muuzaji akaniwekea vitu viwili juu ya meza. Kimoja ni kopo la nta ya magari, nta ngumu inayotokana na majani ya mti, haihusiani na nyuki wala asali. Kingine ni chupa ya silanti, dawa ya kiwandani nyeupe kama maziwa, unaipaka nyembamba, inakauka na kushika juu ya rangi kama ngozi ya pili. Nikamuuliza ipi inafaa kwa wadudu wa njia ya Mombo.

"Zote nzuri, mama."

Jibu la zote nzuri ni jibu la mtu anayetaka kwenda kula. Nikachukua zote mbili, nikasema nyika yenyewe ndiyo itakayoniambia.

Niliigawa boneti katikati. Upande wa kushoto nikapaka nta, upande wa kulia silanti. Maelezo ya chupa yalisema silanti isiguswe na maji mpaka ikauke sawasawa, na wiki hiyo Lushoto yote ilikuwa ndani ya ukungu, nguo zinalala kwenye kamba na kuamka mbichi zaidi. Rafiki yangu wa Kwai ana banda zuri la ng'ombe wa maziwa, limeezekwa vizuri na ni kavu. Nikamwomba. Ng'ombe wakatolewa nje, gari likaingia. Walisimama kwenye ukungu wakinitazama kwa namna ambayo hata leo sipendi kuikumbuka, lakini silanti ilikauka.

Baada ya hapo nikashuka na binti yangu, mwali mwenyewe, jioni moja baada ya mvua, tukaenda mpaka Korogwe na kurudi Mombo, tukalala kwa ndugu. Wadudu tuliwaokota wa kutosha. Niliwaacha makusudi mpaka jua la asubuhi liwachome, kisha nikachukua kitambaa chenye maji. Upande wa kulia walitoka kwa kufuta mara moja, chini yao rangi iko vile vile. Upande wa kushoto walitoka pia, ila ukiinama ukaangalia kwa kulaza jicho unaona vivuli vyepesi mahali walipolala. Joto la nyikani lilikuwa limeilegeza ile nta.

Tatizo ni kwamba kushoto kulikuwa kunapendeza zaidi. Nta ilikuwa imeipa ile damu ya mzee kina, ukiitazama unataka kuingiza mkono ndani. Kulia kuling'aa pia, lakini mng'ao wa sahani iliyooshwa, safi na basi. Nikasimama pale nikijidanganya. Nikajiambia vile vivuli ni vidogo, na shangazi mwenzangu macho yake ni ya utu uzima, hataviona.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti anakunywa chai. Akasema, "Shangazi, kushoto ndiko kuzuri. Lakini mimi nataka kuletwa na wewe."

Machozi yalinilenga papo hapo. Nikajifanya nasuuza kitambaa. Ile nta nikampa shemeji wa Magamba apake pikipiki yake, ya kushoto nikaisugua mpaka ikatoka na vivuli vyake, na gari lote nikalipaka silanti.

Siku ya kutandika ikafika. Ni siku ambayo wanawake wa upande wetu hushuka na mashuka, mito na mapazia kwenda kupanga chumba cha maharusi. Nilikuwa na wanne garini, mito imewafunika mpaka puani. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na tulipoiacha Mombo tu kumbikumbi wakatufungukia. Walipiga kioo mpaka sauti ikawa ya mvua nyingine. Wanawake wote wanne walikuwa wanaangalia boneti, si barabara, na mmoja alianza kusoma dua kwa kunong'ona.

Shangazi mwenzangu alikuwa ametusubiri langoni, kitenge kipya, miwani mkononi. Alipoona gari lilivyofunikwa mabawa na utumbo wa wadudu, tabasamu lilimtoka lenyewe.

"Hee! Karibuni jamani. Na ndui yenu."

Yeye ananizidi umri, kwa hiyo nilimpa shikamoo yake kwanza, maana hasira haiondoi adabu. Akaitikia. Kisha nikaomba ndoo ya maji.

Majirani walikuwa wameanza kujisogeza. Nikaloweka kitambaa kikubwa laini, nikakilaza juu ya boneti bila kukikamua, nikakiacha kilale. Ukimsugua mdudu mkavu unaichana rangi mwenyewe, hilo nilikuwa nimelijua kwa machungu. Nikasimama mikono kiunoni. Mwenzangu naye akasimama. Nadhani hakuna kitambaa kilichowahi kutazamwa na watu wengi namna ile. Nilipoona kimetosha nikakikunja polepole kuelekea kwangu, na kumbikumbi wote wakaja nacho. Nikamwagia maji, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikarudi nyuma.

Akavaa miwani. Akainama kushoto, akainama kulia, akapiga magoti kabisa karibu na bampa na kulaza jicho. Akapitisha kidole. Alikagua mpaka nikaanza kumheshimu. Halafu nikaona amesita, kichwa kimeinama, na kumbe ameiona sura yake kwenye boneti. Akaurekebisha mtandio wake, akajitazama tena, akanyanyuka.

"Haya," akasema. "Mlete mwenyewe."

Wanawake wangu walipiga vigelegele wakiwa bado wamekumbatia mito. Nikamkumbatia shangazi mwenzangu kwa nguvu zaidi ya inavyostahili, naye akaniambia sikioni, "Hiyo dawa utanionyesha, jeupe letu linaliwa hivyo hivyo."

Siku ya harusi, baada ya ndoa kufungwa nyumbani, binti yangu aliingia kiti cha nyuma na shela lake lote, mimi nikashika usukani. Gari jeupe lilikuwa nyuma yetu kwenye msafara. Tuliteremka kona za Soni hadi Mombo kwa uangalifu, kama kila mtu anavyofanya. Lakini tulipoingia barabara ya nyikani, ile iliyonyooka ambayo kila dereva huikanyagia mafuta, mimi sikuongeza mwendo. Jeupe likapiga honi. Likapiga tena, na wengine wote nyuma wakapokea.

"Shangazi," akaniuliza kutoka nyuma, "mbona tunaenda polepole hivi?"

"Naogopa wadudu," nikamwambia.

Alicheka kwanza. Kisha akanyoosha mkono wake wenye hina, akauweka begani kwangu, na hakuuondoa mpaka Korogwe.