Mchi Uliowekwa Chini

Mwezi jana nilirudi kwetu, upande wa Lurambi, kumzika mwalimu wa katekisimu. Nikwambie ukweli, rafiki yangu: sikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha kwamba amefukiwa. Sikio langu la kushoto halijasikia kitu tangu nikiwa na miaka tisa, na ni yeye aliyeliua.

Ilikuwa mwaka ule wa bendera mpya. Wakubwa waliimba uhuru barabarani, na sisi watoto tulichapwa ndani ya kanisa la udongo lililonuka nyasi mbichi na sakafu iliyosiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Mwalimu alikuwa na fimbo tatu za mpera, akiziloweka majini zisikatike upesi. Mtoto mmoja alipouliza kama uhuru haujafika kanisani, alichapwa hadi akajikojolea, akaambiwa uhuru ni wa serikali, si wa katekisimu. Swali kubwa la mwalimu lilikuwa neema. Neema ni nini? Ilibidi tujibu kwa pumzi moja kwamba ni zawadi ya Mungu, itolewayo bure, ambayo hakuna anayeistahili, nayo ndiyo itiayo imani na wema moyoni. Ukikwama, unachapwa. Ukubwani nimecheka sana: tulitolewa damu ili tukubali kwamba kuna kitu cha bure.

Nililelewa na nyanya, tuliyemwita kukhu. Usimfikirie kikongwe mpole. Alimng'oa jirani jino kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi yake, na babu alikuwa na kidole kilichopinda, kazi ya mwiko wa kukhu. Alitamani ubatizo kuliko chakula, ila hakujua kusoma, na yale majibu marefu hayakumkaa kichwani. Padri alikuwa amemwangusha mara tatu katika mtihani wa ubatizo. Mwenyewe alisema huenda Mungu hamtaki mtu mwenye mikono kama yake.

Siku hiyo nilikwama baada ya neno "bure". Mwalimu hakutafuta fimbo. Alinipiga kofi la sikio nikaangukia benchi, nikasikia mlio mkali, kisha upande ule ukanyamaza. Nilifika nyumbani damu imeshuka hadi kwenye kola. Kukhu alikuwa akitwanga karanga za kuungia mboga, harufu yake tamu imejaa uani. Aliuliza ni nani, nikamwambia. Akauchomoa mchi kwenye kinu, akaondoka nao, unga wa karanga ukidondoka njiani.

Nilimfuata mbio nikilia. Wanawake majirani walimwita, hakugeuka. Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni pa kanisa akimenya kiazi. Pigo la kwanza lilivunja kiti, la pili likamvunja mkono aliojikingia kichwa. Mfupa niliusikia kwa sikio langu zima. Akaanguka chali. Kukhu akauinua mchi kwa mikono miwili juu ya paji la uso wa mwalimu, na sote tulijua kwamba huyo amekwisha.

Haukushuka. Kukhu akauweka mchi chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akakaa pale udongoni akalia kwa hasira. Mke wa mwalimu, aliyekuja mbio aliposikia kelele, alimpigia magoti, akamshukuru kwa moyo wake mzuri. Kukhu akamkatiza.

"Moyo gani, mama? Bado nataka kumuua. Si mimi nimeweka hii kitu chini."

Baada ya mwezi mmoja padri alikuja kuwapima waliotaka ubatizo. Mwalimu alisimama kando yake, mkono umefungwa kwa vijiti. Kukhu akaulizwa neema ni nini. Nilimwombea akumbuke. Akamnyooshea mwalimu kidole.

"Ni ile ilishika mkono yangu, huyu akabaki hai."

Padri akatazama kitabuni, hakuliona jibu hilo. Alikuwa akigeuza ukurasa mwalimu alipozungumza, bila kumtazama mtu.

"Padri, huyu mama amejibu. Mimi nafundishanga maneno tu."

Kukhu alibatizwa Jumapili iliyofuata, na zile fimbo za mpera zikawa kuni za kuchemshia chai ya wageni.

Leo kanisa la udongo halipo, wamejenga la mawe. Kinu kililiwa na mchwa, na karanga tunanunua dukani zikiwa zimesagwa. Kukhu alitangulia zamani. Mwalimu hakuwahi kuniomba radhi, nami hasira yangu niliitunza miaka yote hiyo, nikaenda nayo hadi ukingoni mwa kaburi, udongo mkononi, nikiwa nimepanga kuurusha kwa nguvu zangu zote. Nilipofungua kiganja, ulianguka taratibu. Niliitafuta ile hasira pale pale, nikaitafuta tena njiani nikirudi nyumbani. Haipo. Si mimi niliyeiweka chini.