Mashine Iliyovishwa Kitenge

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Mudende, vilimani juu ya Gisenyi, mwanangu, wanawake wakimwaga maziwa mtaroni mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa msichana wa kupima maziwa kwenye kituo cha ushirika wetu. Familia yangu ilikuwa imerudi kutoka Tanzania. Wenzangu wengi walikuwa wamerudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, na ng'ombe wao, na Kiswahili changu kiliwachekesha sana. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mashine ya kupoza maziwa ilikuwa imezima tena, na dereva wa lori lililoyateremsha mpaka Gisenyi alikuwa ametuonya: akikuta yameharibika mara nyingine, hapandi tena kwetu. Bila lori lile, ng'ombe wa Mudende wangekamuliwa bure.

Mashine hiyo ilifungwa na fundi Mhindi aliyeitwa Anand. Kiswahili alikijua, maana aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam. Alikaa kwetu msimu mzima wa mvua akitufundisha kuiendesha. Kila alipomaliza somo aliuliza, "Mmeelewa?" Nasi tuliokaa kwenye mabenchi, mikono magotini, tuliitika kwa pamoja, "Yego," yaani ndiyo. Usituhukumu haraka. Kwetu, kumwambia mgeni kwamba maneno yake hayakukufikia ni sawa na kumwambia aliyekupikia kuwa chakula chake hakina chumvi. Tulimpa kiti chenye mgongo. Tulimpa maziwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Swali hatukumpa hata moja.

Siku aliyokuwa akifunga mizigo nilimkuta nje, peke yake, akifuta spana zake. Aliniambia, bila hasira, "Nyumbani wanafunzi wangu hubishana nami mpaka nakasirika. Hapa nimesema peke yangu tangu nifike. Nadhani nimefundisha vilima." Nilitazama viatu vyangu. Maneno yale nimekaa nayo miaka mingi kuliko niliyokaa na watu wengi niliowapenda.

Basi mashine iliposhindikana, tulimpigia simu. Alikuwa Kampala kwa kazi nyingine, akakubali kupitia kwetu kwa siku moja tu.

Alipoingia chumba cha mashine alisimama akiitazama. Upande wa nyuma ilikuwa imevishwa kitenge kilichoshonwa vizuri, chenye lasi kwenye pindo, kama tulivyozoea kuvisha redio na makochi ya sebuleni.

"Nani amefunika?" akauliza.

Rais wa ushirika, yaani mwenyekiti wetu, alikohoa. Wengine waliangalia sakafu. Ndipo Mama Verediana, bibi kizee mwenye ng'ombe wawili na Kiswahili cha Masisi kilichochanganyika na Kifaransa, akasogea mbele na fimbo yake.

"Ni sisi," akasema. "Vumbi iko mingi, na baridi ya huku unaijua. Tuliivalisha kama mutoto. Sasa injeniyeri, ubaya iko wapi?"

"Mama, wacha mugeni afanye kazi," rais akamnong'oneza. "Hii yote alishatuelezea. Tuliitika."

"We uliitika? Bon, basi tengeneza we!"

Kicheko kilitoka nyuma, kikazimwa upesi. Rais alitazama dari.

"Mi sijaelewa," bibi akaendelea, "na siku ile pia sikuelewa. Maziwa yangu iko kwa mutaro, na nyinyi munaniambia heshima. Heshima gani? Mulimupa mugeni kiti, mukamwacha peke yake na akili yake!"

Nilidhani Anand angeudhika. Alitoa kitenge, akasafisha taratibu vumbi na nyuzi zilizoziba wavu wa nyuma, akaniambia niwashe. Mashine ikanguruma. Akauchukua mkono wa bibi, akauweka karibu na ule wavu.

"Unasikia nini, mama?"

"Moto."

"Hilo ni joto la maziwa yenu. Mashine hii haitengenezi baridi. Inatoa joto ndani na kulitupa nje, hapa. Mkiifunika, joto halina pa kwenda, mashine inachoka, inazima."

"Ah! Donc tuliiziba pua."

"Mliiziba pua," akasema Anand, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alicheka mpaka akavua miwani. Baada ya hapo maswali yalimiminika kama mvua ya Aprili. Rais mwenyewe aliuliza. Mimi niliuliza kwa nini maji hudondoka chini yake. Chai yake ilipoa mezani bila kuguswa. Kesho yake maziwa yalikuwa baridi, na lori likaendelea kupanda.

Mama Verediana hayupo tena. Anand sijui yuko wapi. Namba yake niliipiga miaka kadhaa baadaye, ikapokelewa na mtu asiyemjua. Mimi niko hapa Gisenyi, katika nyumba iliyonizidi ukubwa. Mume wangu amelala chini ya udongo, watoto niliowazaa wako Kigali na Lusaka. Vijana huja niwaonyeshe kazi ya mashine za kupoza, kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wanapiga picha kwa simu, wanasema, "Sawa, mama," na kuondoka kabla sijamimina chai. Ninapokusanya vikombe visivyotumika, namwelewa yule Mhindi.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe uliyebaki. Nchi zetu zitaendelea kupokea mashine kutoka mbali, na ni jambo jema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini chuma hufika kwa lori. Ujuzi hupita katikati ya watu wawili, na mmoja wao akinyamaza njia imefungwa. Mficha uchi hazai. Usipoelewa, sema hujaelewa, hata mbele ya mgeni, hata mbele ya rais wa ushirika. Na siku nawe utakapokwenda kufundisha wengine, Cyanzarwe hapa jirani au ng'ambo ya mpaka, usiridhike na "ndiyo" ya watu wote kwa pamoja. Kaa. Ngoja mpaka mmoja akubishie.

Mungu akupe mikono inayojua na ulimi usioona haya kuuliza. Akupe ng'ombe, na watu wa kunywa nao maziwa. Na ukiwa na ujuzi, akupe mtu wa kukaa nawe mezani mpaka jioni, akikusumbua kwa maswali.