Nyekundu Upande wa Chini

Nimechoka na rangi nyekundu. Mchoraji mmoja wa kale alimvika Bikira gauni jekundu na shuka ya buluu, akampakatisha mtoto, na mama yangu akaishi na kalenda ya picha hiyo ukutani kwake kijijini Hewani, mpaka mafuriko yakaichukua pamoja na ukuta wenyewe. Nilipomleta kwangu Garsen hakuulizia sufuria wala kuku. Aliulizia picha yake.

Basi nikasema nitamchorea. Lakini mimi sichori watu, nachora rangi tupu, na ukaidi huo nimezeeka nao. Jicho likitulia litamwona Bikira lenyewe, ndivyo ninavyowaambia wanaonicheka. Nikaweka buluu juu, nyekundu chini, na katikati doa dogo la manjano pale alipokuwa mtoto. Buluu haikunisumbua. Nyekundu ndiyo iliyonitoa jasho: nilichanganya rangi ya kupakia mabati na vanishi, nikakwangua, nikapaka tena, mgongo ukakataa kunyooka. Ilipofanana na ile ninayoikumbuka, nikaitundika mbele ya kitanda chake na kungoja anisifu. Mtu mzima mimi, nangoja sifa za mama.

Aliitazama, akavuta miguu juu ya kitanda.

"Baba, maji mekundu hayo. Tuhame."

Kwetu mtoni hakuna asiyejua: mto ukigeuka mwekundu, mvua imenyesha huko juu na maji yako njiani. Nikamweleza kwamba lile ni gauni la Bikira. Akaniuliza kama Bikira ameshazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, najua, lakini niliudhika, Mungu anisamehe. Nikaiacha ukutani. Naye akaacha kula. Kila nikimpelekea uji, ananiuliza kama nimeshafunga mizigo.

Mwishowe nikaingia nikaipindua, nyekundu juu, buluu chini. Kazi yote ile, kichwa chini miguu juu. Sikuwa na nguvu hata za kuona uchungu.

Mama akaitazama muda mrefu, kisha akashusha miguu sakafuni.

"Maji yametakata, yamepungua," akasema. "Kesho unirudishe kwangu."

Kwake wapi? Mto ulihama njia, sasa unapita pale palipokuwa jiko lake, na aliuona kwa macho yake ukilibomoa. Nikamwambia tutaondoka asubuhi. Akaomba uji, akaumaliza, akaanza kukunja kanga zake.